Ziwa Likifunguliwa: Maji ya Kunywa Katika Kambi za Mweru

Kila mwaka, tarehe 1 Machi, Ziwa Mweru hufunguliwa. Tangu 1 Desemba serikali ya Zambia huwa imepiga marufuku uvuvi ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Maziwa ya Kariba na Tanganyika hayamo katika marufuku hayo. Mweru na Mto Luapula vimo. Siku ikifika, ufukwe wa wilaya ya Nchelenge hubadilika sura. Wavuvi hushuka na nyavu zilizoshonwa upya, wake na watoto hufuata, wachuuzi wa samaki wadogo wa chisense hufika na magunia yao, na kambi zilizobaki nguzo tupu hugeuka vijiji tena. Vibanda vya nyasi na karatasi za plastiki husimama bega kwa bega mchangani, hatua chache tu kutoka majini.

Mwezi huo mkoa wa Luapula bado unanyeshewa. Mvua zilizoanza Oktoba au Novemba haziishi mpaka Aprili. Kwa hiyo kambi hujaa watu wakati uleule ambapo ardhi imeshiba maji, vyoo vya shimo vinafurika, na kila kilichoachwa nchi kavu kinasombwa kwenda ziwani. Kalenda ile iliwekwa kwa ajili ya samaki, na kwa samaki ni kalenda nzuri. Kwa maji ya kunywa ni mbaya, na hakuna sababu ya kulizungusha jambo hilo.

Nchelenge hakuna anayelala na kiu kwa kukosa maji. Ziwa lina zaidi ya kilomita za mraba 5,000, Zambia mashariki na Kongo magharibi. Luapula unaingia kutoka kusini ukiwa umepita katika vinamasi, Kalungwishi unaingia kutoka mashariki, na yote hutokea kaskazini, Pweto, kwa Mto Luvua unaoelekea Lualaba na hatimaye Mto Kongo. Visiwa vya Kilwa na Isokwe vimezungukwa na maji pande zote, na watu wanaishi humo na kuvulia humo. Taabu iko kwingine: katika safari fupi ya maji kutoka yanapochotwa mpaka mdomoni. Hapo ndipo yanapoharibikia, na hapo ndipo mipango yetu mingi haifiki.

Mtazame mama anayeteka asubuhi. Anaingia mpaka magotini, anasukuma povu na majani kwa kiganja, anainamisha ndoo. Mkono wake wa kulia kuna mtu anasafisha mtumbwi. Mkono wa kushoto mwingine anafua. Nyuma yake samaki wanapasuliwa na matumbo yanatupwa palepale. Mvuvi aliyekesha ziwani na taa zake akivua chisense hakuwa na choo ndani ya mtumbwi. Pepo zikivuma kuelekea nchi kavu, kilichotupwa mbali kidogo hurudi ufukweni. Mama huyo anayajua yote haya, na angependa kwenda mbali zaidi, lakini maji ya kina yana mamba, na kisima cha pampu kipo kijijini, juu, mwendo mrefu wa kubeba lita 20 kichwani.

Vyoo navyo si suala la uvivu, kama wengine wanavyopenda kusema. Chimba shimo katika mchanga wa ufukweni na kuta zinaporomoka kabla hujafika kiunoni. Ukiendelea, maji yanachimbuka chini ya miguu yako, maana hapo maji ya ardhini na maji ya ziwa ni kitu kimoja. Shimo la namna hiyo linamwaga uchafu moja kwa moja mahali panapochotwa maji. Na mtu anayejua kwamba baada ya miezi michache atakuwa amehama, hatumii matofali na saruji kujenga choo kwenye ardhi isiyo yake. Kambi ni mahali pa kupita, na kila kitu ndani yake hujengwa kwa hesabu hiyo.

Matokeo yake ni kipindupindu. Zambia imekifahamu tangu miaka ya 1970, wimbi la saba la dunia lililoanza Indonesia mwaka 1961 lilipokuwa limeshaingia Afrika. Lakini katika nchi za maziwa ugonjwa huu una historia ndefu zaidi. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar na kuliona janga la mwaka 1869 na 1870 kwa macho yake, alichapisha kitabu mwaka 1876 akifuatilia jinsi ulivyosafiri kwa njia za misafara kati ya bara na pwani. David Livingstone, aliyefika Mweru mwaka 1867, aliandika katika shajara zake kuhusu ugonjwa huo kufika nchi ya Manyema. Misafara ile ilikuwa kambi zinazotembea: mamia ya watu wanaolala mahali pamoja usiku mmoja, wanachota kijito kimoja, wanaondoka alfajiri, na wanaokuja nyuma wanachota palepale.

Hali hiyo bado ipo katika maziwa yetu yote. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Goma kando ya Ziwa Kivu, watafiti walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara. Mwezi Mei 2015 Warundi waliokimbilia Kagunga, kijiji chembamba kati ya mlima na Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, walikunywa maji ya ziwa na kipindupindu kikazuka hapo, wagonjwa wakihesabiwa kwa maelfu. Mwaka 2023 wilaya za Luapula zilizo karibu na Mweru, Nchelenge ikiwemo, zilikuwa miongoni mwa zilizoripoti wagonjwa; na kuanzia Oktoba mwaka huohuo mlipuko ulioikumba Lusaka uliwaambukiza zaidi ya watu 20,000 nchini kote na kuua zaidi ya 700. Kufungua shule kuliahirishwa Januari 2024, na Uwanja wa Mashujaa wa Lusaka ukageuzwa kituo cha matibabu. Lusaka ilipougua, dunia ilisikia. Kambi ya vibanda hamsini kwenye kisiwa inapougua, habari hufika mjini baada ya watu kuzikwa.

Na hawana sababu ya kuzikwa. Kipindupindu kinatibika kwa urahisi wa ajabu: mgonjwa akirudishiwa maji na chumvi anazopoteza, kwa kunywa au kwa dripu, wanaokufa ni chini ya mmoja kwa mia. Asipotibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Kisiwani, saa hizo chache zinaishia kwenye mtumbwi kabla hajafika Hospitali ya St Paul's, Kashikishi. Ndiyo maana kila kambi inapaswa kuwa na pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, na kila mtu mzima ajue ya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Lakini hata dawa hiyo inadai maji safi. Tunarudi palepale.

Jibu la kawaida ni kisima kirefu chenye pampu ya mkono. Miradi iliyofadhiliwa na Japan imechimba mamia ya visima Luapula, na serikali na mashirika mengine wameongeza vyao. Ni kazi njema na inafaa iendelee. Hata hivyo, ukiwauliza wanawake wa vijiji vya mkoa huu kwa nini wanaiacha pampu iliyo jirani na kwenda kwenye kijito au ziwani, mara nyingi watakuonyesha ndoo. Maji ni mekundu.

Fika kwenye pampu ya namna hiyo alfajiri, kabla mtu hajaigusa. Shika mpini. Mara za kwanza unapiga hewa tupu. Maji yaliyokuwa yamesimama ndani ya bomba jana jioni yameteremka kupitia tundu fulani usiloliona. Kisha yanakuja, na ndoo ya kwanza ina rangi ya matofali. Harufu ni ya chuma. Ya pili imefifia. Ukiwa na nguvu na subira ya kupiga muda mrefu, yanakuja maji meupe kabisa, maana maji ya ardhini yenyewe hayana tatizo kubwa. Wekundu unatoka kwenye pampu. Acha ndoo ile ya kwanza itulie mpaka mchana na utakuta tope la kutu chini na utando unaong'aa juu. Ukipika chai inakuwa nyeusi. Nshima, yaani ugali, inabadilika rangi. Sare ya shule iliyofuliwa mara kadhaa inakuwa ya kahawia na haitarudi nyeupe tena. Mama anayemkataza mwanawe kunywa maji hayo amefanya uamuzi ambao sisi sote tungeufanya.

Sababu inajulikana. Maji ya ardhini katika sehemu nyingi za Luapula yana uchachu kidogo. Pampu iliyoenea Zambia ni ile iliyobuniwa India miaka ya 1970, India Mark II, na kwa miaka mingi imewekewa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Katika maji yasiyo na uchachu zinki hulinda chuma kwa miaka mingi. Katika maji machachu zinki huliwa mapema, kisha zamu ya chuma inafika. Bomba linaota kutu ndani na nje, kuta zinakuwa nyembamba, matundu yanatoboka, maji yanavuja na kurudi kisimani kabla hayajafika juu, na siku moja bomba linakatika na kuanguka chini ya kisima pamoja na vyuma vyake. Kamati ya kijiji iliyokuwa imechangisha kwacha chache kwa mipira na nati haiwezi kununua mabomba mapya. Pampu inasimama na mpini wake ukiwa umeinuliwa.

Dawa yake pia inajulikana: mabomba ya plastiki ngumu au ya chuma kisichoshika kutu, na kupima uchachu wa maji kabla ya kuchagua bomba. Wataalamu wamelisema hili tangu miaka ya 1980, walipochunguza pampu za Afrika Magharibi na kukuta chuma kingi cha ndani ya ndoo kimetoka kwenye bomba, wala si ardhini. Kinachoniudhi ni kwamba bomba la zinki bado hununuliwa kwa sababu ni rahisi siku ya zabuni. Gharama inayobaki anailipa mama kwa mguu, kwa miaka yote inayofuata.

Wekundu huo una hasara nyingine isiyoonekana. Chuma kilichoyeyuka hula klorini. Mtu akitia dawa ya maji kwenye ndoo ya namna hiyo, sehemu kubwa ya dawa inaishia kupambana na kutu na kidogo sana kinabaki cha kuua vijidudu. Amefuata maelekezo ya chupa sawasawa na bado hajalindwa.

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kuijua Nchelenge kwa karibu zaidi ya hii ya samaki. Ng'ambo ya ziwa, mji wa Kilwa (si kile kisiwa) na Pweto, ni nchi ya Kiswahili cha Katanga, na kuanzia Agosti 2017 vita vya mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika viliwavusha maelfu ya Wakongo mpaka wilaya hii. Walipokelewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa ndani ya wilaya hiyohiyo. Kambi ya wakimbizi ina kitu ambacho kambi ya wavuvi haina: kanuni. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani, vinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku, bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, pampu ya mkono isizidishe watu 500, na hakuna nyumba iwe mbali zaidi ya mita 500 kutoka kwenye maji. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu. Mvuvi aliyepiga kibanda ufukweni si mkimbizi, si mwanakijiji wa hapo, wala si mkazi wa mji. Hakuna daftari la maji lenye jina lake. Yeye ndiye anayelisha soko mpaka Mansa na miji ya Copperbelt.

Ukitaka kuona kambi inayoyapangia maji yake tangu siku ya kufunga mizigo, panda Kilimanjaro. Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele kwa wanaopita njia ya Machame, iko mita 4,673 juu ya usawa wa bahari na haina chemchemi. Wapagazi hubeba kila tone kutoka bonde la Karanga. Usiku maji hayo huganda, na kila mpagazi anajua la kufanya: chupa inawekwa kichwa chini, kwa sababu barafu huanza kujitengeneza juu, na asubuhi kifuniko kitafunguka hata kama kitako kimeganda, nyingine inalala ndani ya mfuko wa kulalia. Anayekunywa kwa mpira hupuliza maji yarudi ndani ya mfuko baada ya kila funda, kwani mpira mwembamba ndio wa kwanza kuziba. Huko Marekani na Kanada wanaolala katika magari ya kambi wakati wa theluji hufanya vivyo hivyo kwa vifaa vya bei kubwa zaidi: wanapasha moto chumba cha tangi, wanafunika mabomba, na wakiondoka wanamwaga kila kitu ili barafu isipasue viungo. Mweru haigandi hata Juni na Julai. Lakini tabia ile ya kuhesabu maji kama sehemu ya mzigo, yenye chombo chake, njia yake na adui wake anayejulikana kwa jina, ndiyo inayokosekana kwenye mtumbwi unaoshuka Machi. Nyavu zimehesabiwa. Taa, betri, chumvi, unga wa mahindi, mkaa, vyote vimehesabiwa. Maji yameachiwa ziwa.

Chombo ni jambo la kwanza. Mwaka 1993 katika kambi ya Nyamithuthu, Malawi, walikokuwa wakimbizi wa Msumbiji, watafiti waligundua kwamba maji ya kisima yalikuwa safi yakitoka bombani na machafu saa chache baadaye ndani ya nyumba. Mikono ndiyo iliyoyachafua: kikombe kinachozamishwa, mtoto anayenawia humo, ndoo inayosuguliwa kwa kiganja kabla ya kuchota. Baadhi ya familia zilipewa ndoo ya lita 20 yenye mfuniko na mdomo wa kumiminia, ambayo mkono haupiti. Hakuna dawa, hakuna bomba jipya. Uchafu wa kinyesi ndani ya maji ulishuka kwa asilimia 69, na watoto wa chini ya miaka mitano wakahara kwa asilimia 31 pungufu. Nimeyarudia matokeo hayo mara nyingi mbele ya watu wanaopanga bajeti, kwa sababu ndoo ya namna hiyo ni rahisi kuliko semina moja.

Ufukweni Nchelenge ndoo ya kila mtu ni dumu la njano la lita 20 lililokuwa la mafuta ya kupikia. Kwa upande mmoja ni zuri: mdomo wake ni mdogo, mkono hauingii. Kwa upande mwingine, kwa sababu mkono hauingii, halisuguliwi ndani. Chukua dumu la msimu mmoja, limwage, litazame kwenye jua: kuta zimeshika utando wa kijani unaoteleza, na kwenye pembe za chini mchanga laini umeganda kama ugoro. Utando huo ni makao ya vijidudu na unakula klorini. Njia wanayoitumia wanawake wengi ni sahihi: konzi mbili za mchanga mkavu au mawe madogo, maji kidogo, sabuni, kisha dumu linatikiswa kwa nguvu mpaka ndani pang'ae, linasuuzwa, na mara moja moja linalazwa na maji yenye klorini nyingi yanayomwagwa baadaye. Dumu la kunywea lisiwe la kubebea samaki wala mafuta ya injini, hata kwa safari moja.

Dawa ya maji ni jambo la pili. Zambia imekuwa na Clorin madukani tangu mwaka 1998, kama Tanzania na Kenya zilivyo na WaterGuard, na vidonge vya klorini hugawiwa wakati wa milipuko. Inafanya kazi, kwa masharti ambayo chupa haiyaelezi yote. Maji ya ufukweni mwezi Machi ni ya tope, na tope linameza dawa. Kwa hiyo yachujwe kwanza au yaachwe yatulie na kumiminwa polepole, na kama bado hayajang'aa, kipimo kiwe mara mbili. Halafu kusubiri nusu saa. Mvuvi aliyerudi asubuhi na koo kavu hasubiri nusu saa, na hilo ndilo lililowashinda wengi. Dumu la leo linapaswa kuwa lilitiwa dawa jana jioni, kabla ya mitumbwi kuondoka. Dawa yenyewe iwekwe kivulini. Chupa iliyoachwa juu ya paa la plastiki chini ya jua la Luapula hupoteza nguvu yake kabla msimu haujaisha.

Kuna pia kitambaa. Mwaka 2003 timu ya mtafiti Rita Colwell ilichapisha matokeo kutoka vijiji 65 vya Bangladesh: wanawake waliochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa walipunguza kipindupindu kwa asilimia 48. Kijidudu chenyewe ni kidogo mno kuzuiwa na nguo. Lakini ziwani hupenda kujishikiza kwa wadudu wa majini wanaoonekana kwa shida kwa macho, walewale wanaoliwa na chisense, na hao nguo inawazuia. Sari ikiwa kuukuu ndivyo inavyofaa, maana nyuzi zimetanuka na matundu yamebana. Kitenge kilichochakaa, kikakunjwa mara nne, kikafuliwa na kuanikwa juani baada ya kila kuchuja, kinaweza kufanya kazi hiyo hiyo kabla ya klorini kutiwa. Hakimtoshi mtu peke yake, lakini kila kibanda tayari kinacho.

Kinga ya chanjo nayo imethibitika kwamba inaweza kuwafuata watu wa majini. Ziwa Chilwa, Malawi, lilipokumbwa na mlipuko mwaka 2015 na 2016, baadhi ya wavuvi walikuwa wakiishi katika nyumba zinazoelea, na wahudumu walijua hawatawapata tena baada ya wiki mbili. Wakawapa dozi ya kwanza pale pale, na ya pili wakawakabidhi waondoke nayo ili wainywe wenyewe siku ikifika. Mpango uliwafuata watu walivyo, badala ya kuwangoja wawe watu wa kukaa mahali pamoja.

Roho hiyohiyo ndiyo ninayoitaka Mweru. Mvuvi wa Zambia anapaswa kuwa na leseni, na kabla ya Machi anafika mbele ya ofisa au kamati kuitafuta. Hapo, mezani hapohapo, apewe vidonge vya klorini vya miezi mitatu, pakiti za chumvichumvi, na dumu lenye mdomo mwembamba kama hana. Gharama ya vitu hivyo ni ndogo mno ukiilinganisha na kufungua kambi moja ya matibabu. Maelezo yatolewe kwa Kibemba na kwa Kiswahili, kwa sababu mtumbwi uliotoka Kilwa ya Kongo na ule uliotoka Kashikishi hukutana katikati ya ziwa, hubadilishana samaki, na wavuvi wake hunywa kutoka kikombe kimoja. Nchi mbili zinazoshirikiana kulinda samaki zinaweza kushirikiana pia kuhusu kinachotiwa kikombeni.

Na visima vya juu kijijini visisahauliwe, maana kambi nyingi ziko karibu na kijiji fulani, na pampu yenye maji meupe huwavuta watu waende hata kama ni mbali. Kuitoa pampu yote kisimani, bomba baada ya bomba, kukata vipande vilivyoliwa na kutu na kuweka vya plastiki, ni kazi ya fundi mmoja mwenye vifaa na wanaume wachache wenye mikono imara wa kushikilia mabomba yasirudi chini. Msimu wote wa uvuvi wanaume hao hawapatikani mchana. Wamelala, au wako ziwani. Wanapatikana Januari na Februari, ziwa likiwa limefungwa na nyavu zikiwa zinashonwa barazani. Wilaya ikinunua mabomba sahihi kabla ya Krismasi na kumleta fundi wakati huo, 1 Machi itakuta maji meupe yanatoka tangu ndoo ya kwanza.